Lakabu Isiyo na Jibu: Watoto Wanene katika Hadithi za Waingereza

Kila jamii ina desturi yake ya kumpa mtu jina la pili. Jina la kwanza hutolewa na wazazi, kwa dua na kauli njema. La pili hutolewa na wenzake, aghalabu pasi na mwenyewe kuulizwa, na mara nyingi hilo ndilo linaloganda. Katika majina hayo ya pili hakuna yaliyo mepesi kutungwa na mazito kubebwa kuliko yale yanayotokana na kiwiliwili. Watoto wa mitaa yetu wanayajua: Kibonge, Tipwatipwa, na kwa upande wa pili Kimbaumbau na Ng'onda. Watoto wa Kiingereza nao walikuwa na yao. Waandishi wao wakayaokota katika viwanja vya shule wakayatia vitabuni, na humo yameishi kwa zaidi ya miaka mia moja.

Makala haya yanafuatilia historia ya majina hayo katika hadithi zilizotamba kwa lugha ya Kiingereza, ambazo nyingi zilisafiri pamoja na dola ya Waingereza na kufika katika makabati ya vitabu ya shule za Afrika Mashariki. Kipimo nitakachokitumia ni cha kwetu. Utani wa Waswahili una sharti: mtani akikutania, nawe una haki ya kumrudi. Katika ushairi sharti hilo ni kali zaidi. Katika malumbano kama yale ya Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu, aliyepigwa kijembe hujibu, tena hujibu kwa bahari ile ile, vina na mizani vikilingana. Tashtiti isiyoruhusiwa kujibiwa imeshatoka katika utani na kuingia katika dhuluma. Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya kila mtoto mnene wa vitabuni si kama ameitwa mnene, bali kama amepewa nafasi ya kujibu.

Tuanze na wakati ambapo unene wa mtoto haukuwa kichekesho hata kidogo. Mwaka 1845, katika mji wa Frankfurt, daktari Heinrich Hoffmann alichapisha kitabu cha mashairi na picha alichokuwa amemtungia mwanawe mdogo. Kitabu hicho, Struwwelpeter, kilifasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1848 na kuwa mali ya watoto wa Uingereza kama kilivyokuwa mali ya watoto wa Ujerumani. Humo yumo mvulana aitwaye Kaspar, mnene, mwenye mashavu ya duara na afya tele. Siku moja anakataa kunywa supu yake. Kila siku anazidi kukonda, siku ya nne amekuwa kama uzi, na siku ya tano amekufa. Juu ya kaburi lake limewekwa bakuli la supu. Kwa Hoffmann, ambaye kazi yake ilikuwa kutibu watu, unene wa mtoto ulikuwa dalili ya uhai, na kukonda kulikuwa hatua ya kwanza ya safari ya kaburini. Msomaji wa pwani hatakiona kigeni kitabu hicho. Hata kwetu, msafiri aliyerudi nyumbani akaambiwa amenenepa alikuwa akisifiwa kuwa amenawiri, na aliyekonda aliulizwa kwa sauti ya chini ana maradhi gani au ana huzuni gani.

Wakati huo huo, hata hivyo, kicheko kilikuwa kimeshaanza kwingineko. Katika riwaya ya Charles Dickens iliyotoka kwa sehemu sehemu kati ya 1836 na 1837, The Pickwick Papers, yumo mtumishi kijana aitwaye Joe. Ana jina, lakini mara nyingi anatajwa kwa unene wake tu. Anakula, kisha analala. Analala akiwa amesimama, analala akiwa kazini. Wasomaji wa Uingereza walimcheka kwa miaka mia moja na ushei. Mwaka 1956 kundi la madaktari wa Marekani, katika kueleza maradhi ya mtu mnene mno ambaye pumzi zake hazitoshi na usingizi humshika mchana kutwa, waliyaita maradhi hayo kwa jina la Pickwick. Alichokiona mwandishi kwa jicho kali la mcheshi, daktari alikiona kuwa ni mgonjwa. Joe mwenyewe hakupata kuulizwa anajisikiaje.

Tukija katika karne ya 20 tunakutana na mnene mkubwa kuliko wote, Billy Bunter. Alizaliwa katika gazeti la kila wiki la wavulana, The Magnet, ambalo toleo lake la kwanza lilitoka tarehe 15 Februari 1908 kwa bei ya nusu peni. Mtunzi wake alikuwa Charles Hamilton, aliyejulikana kwa wasomaji wake kwa jina la Frank Richards. Mwanzoni Bunter alikuwa mhusika wa pembeni tu katika shule ya bweni ya kubuni iitwayo Greyfriars. Kidogo kidogo akaimeza hadithi yote, kama alivyomeza kila keki iliyoachwa bila mwenyewe. Ni mnene, mvivu, mwongo na mdokozi wa vyakula vya wenzake. Daima anangojea hawala ya posta kutoka kwa jamaa zake matajiri, na kwa ahadi ya hawala hiyo isiyofika anakopa kila mahali. Wenzake walimpa lakabu ya Bundi Mnene. Kwetu bundi ni ndege wa mkosi. Kwao lakabu hiyo ilitokana na miwani yake mikubwa ya duara.

Ni nani waliokuwa wakimcheka Bunter? Hapa ndipo historia inapotufunza jambo. Katika vita vya Makaburu, kati ya 1899 na 1902, Waingereza walishtuka kuona vijana wengi waliojitolea kuwa askari wakikataliwa kwa udhaifu wa miili yao. Kamati ya serikali ilikaa mwaka 1904 kuchunguza udhaifu huo. Mwaka 1906 Bunge likapitisha sheria ya kuziruhusu serikali za mitaa kuwalisha watoto wa shule waliokuwa na njaa, na mwaka uliofuata ikaja sheria ya kuwapima afya. Miezi michache baadaye likatoka toleo la kwanza la The Magnet. Wasomaji wake hawakuwa watoto wa shule za bweni za matajiri peke yao. Robert Roberts, aliyekulia katika mtaa wa kimasikini wa Salford na kuandika habari zake katika kitabu The Classic Slum cha mwaka 1971, ameeleza jinsi wavulana wa mitaa hiyo walivyokuwa na kiu ya hadithi za Greyfriars, shule ambayo wasingeikanyaga maisha yao yote.

Mtoto mwenye njaa, basi, alikuwa akisoma habari za mtoto asiyeshiba. Katika kicheko chake mlikuwa na kutamani na kulipiza kisasi kwa pamoja. Alikula pamoja na Bunter kila keki iliyotajwa, kisha Bunter alipopigwa teke, na alipigwa teke karibu kila wiki, msomaji alijiona yu safi, kwani mlafi alikuwa yule mwingine. Unene wa Bunter haukuwa unene wa mwili tu. Ulikuwa hati ya mashtaka: mnene ni mlafi, mlafi ni mwizi, mwizi ni mwongo na mwoga. Na Bunter hakuweza kuikana hati hiyo, kwa sababu kila alipofungua kinywa kujitetea alitamka uongo mwingine. Mwandishi alimpa maneno mengi kuliko mhusika yeyote, lakini hakumpa jibu.

Katika shule hiyo hiyo mlikuwa na lakabu nyingine ya mwili, inayostahili kutazamwa na msomaji wa nchi iliyotawaliwa. Miongoni mwa wavulana watano mashuhuri wa Greyfriars alikuwamo mwana wa mtawala wa Kihindi, Hurree Jamset Ram Singh, na wenzake walimwita kwa jina lenye maana ya wino, kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Kiingereza chake kilifanywa kichekesho. Hata hivyo, mwandishi alimpa ushujaa, akili, ustadi wa kriketi na marafiki wa kweli. Lakabu yake ilikuwa na uzito wa kupingana nao. Bunter alikuwa Mwingereza mwenye rangi ile ile ya wenzake, naye hakupewa lolote la kuweka katika upande wa pili wa mizani.

Mwaka 1919 Hamilton alimtungia Bunter dada, Bessie, katika gazeti la wasichana liitwalo The School Friend, akijiita Hilda Richards. Mwanzoni Bessie alikuwa Bunter aliyevishwa gauni: miwani ile ile, ulafi ule ule, ubaya ule ule. Baada ya hadithi za mwanzo kazi hiyo ilipewa waandishi wengine, nao wakambadilisha. Unene ukabaki, ulafi ukabaki, lakini akawa mtu mwema wa kuchekesha, mwenye marafiki wanaompenda. Kumbe iliwezekana. Unene ule ule, ukiandikwa na mkono mwingine, haukuzaa tabia ile ile.

The Magnet lilifungwa Mei 1940, karatasi zilipoadimika kwa sababu ya vita. Miezi miwili kabla yake George Orwell alikuwa ameyachambua magazeti ya wavulana katika insha mashuhuri, akiyalaumu kwa kuishi katika ulimwengu ambao haubadiliki na kuwatazama wageni kama vikaragosi, lakini akamkubali Bunter kuwa mhusika aliyeumbwa kwa ustadi wa kweli. Orwell alikuwa hodari wa kuona dhuluma ya tabaka. Dhuluma ya mwili haikuwa shabaha yake, wala haikuwa shabaha ya wahakiki wengi wa wakati ule.

Vita hivyo vilileta mgao wa chakula, na mgao ukabadilisha maana ya unene. Sukari ilianza kutolewa kwa kuponi Januari 1940, peremende Julai 1942. Mwaka 1943, katikati ya uhaba huo, Enid Blyton alitoa kitabu cha kwanza cha mfululizo wa wapelelezi watano na mbwa wao, mfululizo uliofikia vitabu 15 hadi mwaka 1961. Mmoja wa watoto hao anaitwa Frederick Algernon Trotteville. Herufi za mwanzo za majina yake matatu zinaunda neno la Kiingereza lenye maana ya mnene, naye ni mnene kweli. Basi wenzake wakamwita Fatty, yaani Kibonge, na jina likaganda.

Lakini tazama Blyton alivyomfanyia. Katika kitabu cha kwanza kijana huyu ni mwenye majisifu na wenzake hawampendi sana. Baada ya vitabu viwili vitatu amekuwa kiongozi wao. Anajua kujibadilisha sura hata majirani wasimtambue, anajua kuandika kwa wino usioonekana, anajua kutoka katika chumba kilichofungwa kwa ufunguo. Unene wake unamfaa, kwani akivaa nguo za mtu mzima anaaminika. Ana fedha nyingi za matumizi, naye huwanunulia wenzake keki na mikate mitamu. Mtoto wa Uingereza wa mwaka 1943, mwenye kuponi mkononi, alimwona Kibonge kama tunavyomwona mwenye karamu. Lakabu haikufutwa, bali ilijibiwa kwa matendo, hata ikawa karibu na cheo.

Hata hivyo Blyton hakuitupa dhihaka, aliihamisha. Katika kijiji hicho hicho yumo polisi aitwaye Goon, naye pia ni mnene, mwekundu wa uso, mwenye macho yaliyotoka. Watoto wamempa lakabu inayotokana na namna anavyotamka amri ya kuwafukuza, matamshi ya mtu asiyesoma shule za wakubwa. Kila kitabu kinamwaibisha, na kila kitabu mkubwa wake wa kazi anakuwa upande wa watoto. Kuna wanene wawili, basi: mmoja mtoto wa tajiri, unene wake ni neema, mwingine mtu wa mshahara mdogo, unene wake ni aibu. Tukizisoma hadithi hizo kwa makini tunagundua kwamba unene haukuwa na maana yake wenyewe. Maana ilitoka katika mfuko.

Mgao wa chakula ulimalizika kabisa Uingereza tarehe 4 Julai 1954. Septemba ya mwaka huo huo William Golding, mwalimu wa shule katika mji wa Salisbury, alichapisha Lord of the Flies. Si kitabu cha watoto kwa maana ya kawaida, lakini kinawahusu watoto, wanafunzi wengi wamekisoma darasani, na kiliandikwa kukijibu kitabu cha watoto, The Coral Island cha R. M. Ballantyne cha mwaka 1857, ambamo wavulana waliotupwa kisiwani wanaishi kwa ushujaa na adabu. Wavulana wa Golding nao wako kisiwani, na miongoni mwao yumo mmoja mnene, mwenye miwani na maradhi ya pumu, aliyelelewa na shangazi yake, mwenye lafudhi ya watu wa chini. Ni Bunter aliyepewa akili na ukweli.

Katika kurasa za mwanzo kijana huyu anamwambia mwenzake Ralph kwamba haidhuru wamwite vyovyote, mradi wasimwite kwa jina alilokuwa akiitwa shuleni. Ralph anataka kulijua. Jina hilo ni Piggy, kitoto cha nguruwe. Anaomba lisitolewe nje. Baadaye kidogo, mbele ya mkusanyiko, mwingine anamtusi kwa unene wake, na Ralph anaruka kurekebisha: jina lake la kweli, anasema, ni Piggy. Wote wanaangua kicheko, na kwa dakika hiyo kundi zima la wageni linakuwa kitu kimoja, isipokuwa yeye. Sijui mahali pengine katika hadithi za Kiingereza ambapo kazi ya lakabu ya mwili imeonyeshwa wazi kama hapo. Inajenga umoja, na mtu mmoja ndiye anayelipa gharama.

Msomaji wa pwani analisikia jina hilo kwa uzito zaidi, lakini hata ndani ya kitabu lenyewe si jina tupu. Katika kisiwa kile nguruwe ndiye mnyama anayewindwa. Wawindaji wanapopata nyama yao ya kwanza, Piggy ananyimwa, mpaka mwenzake Simon anapompa kipande chake. Baadaye anaporwa miwani, kisha anauawa kwa jabali lililosukumwa kutoka juu. Golding hatuambii kamwe jina alilopewa na wazazi wake. Ralph, akilia mwishoni, anamlilia rafiki yake kwa lakabu ile ile aliyoomba asiitwe. Tunamwonea huruma, lakini nasi hatuna jina jingine la kumlilia.

Baada ya hapo njia zinagawanyika. Mwaka 1964 Roald Dahl alitoa Charlie and the Chocolate Factory, ambamo Augustus Gloop, mtoto mnene, anatumbukia katika mto wa chokoleti na kufyonzwa na bomba. Mwishoni anatoka amekonda, kana kwamba bomba limemrudi. Shujaa wa kitabu, Charlie, ni mtoto wa masikini anayekonda kwa supu ya kabichi. Ni mizani ile ile ya The Magnet: mwenye njaa ni mwema, mnene ni mwenye hatia. Hata hivyo, katika kitabu cha mwaka 1988, Matilda, Dahl huyo huyo alimwandika Bruce Bogtrotter, mtoto mnene aliyelazimishwa na mwalimu mkuu katili kula keki kubwa mbele ya shule nzima ili aadhirike. Anakula mpaka tonge la mwisho, na shule nzima inamshangilia. Alipewa nafasi ya kujibu, akajibu kwa kinywa kile kile alichodhihakiwa kwacho.

Nchini Marekani, Judy Blume aliligeuza jambo hilo upande wa pili katika Blubber, kitabu cha mwaka 1974. Msichana aitwaye Linda anasoma insha yake juu ya nyangumi mbele ya darasa, na kutoka katika insha hiyo wenzake wanachomoa neno shahamu na kulifanya jina lake. Msimulizi ni Jill, mmoja wa wanaomtesa, naye anatuambia bila kujali kwamba Linda si mnene kuliko wote darasani. Basi kama si kilo, ni nini? Ni kwamba Linda hakujibu. Mwishoni kundi linamgeukia Jill mwenyewe na kumtungia jina. Blume alielewa kwamba lakabu haitafuti mwili, bali inatafuta mtu asiye na mtetezi, kisha inatafuta katika mwili wake kisingizio.

Haya yote yalirudi mezani Februari 2023, magazeti ya Uingereza yalipofichua kwamba matoleo mapya ya vitabu vya Dahl yalikuwa yamebadilishwa maneno mamia, na Augustus Gloop hakuwa tena mnene bali mkubwa mno. Kelele zilipozidi, wachapishaji, Puffin, walitangaza kwamba matoleo ya zamani nayo yangeendelea kuuzwa. Waliolaumu walisema fasihi imekatwa ulimi, na waliounga mkono wakasema watoto wamekingwa. Kwa kipimo chetu pande zote mbili zilibishana juu ya gamba. Ukimwita Gloop mkubwa badala ya mnene bado anatumbukia mtoni, bado anafyonzwa, bado hana neno la kusema. Kumpa neno kungehitaji mwandishi mwingine na hadithi nyingine.

Waumini wanajua kwamba aya ya 11 ya Surat al-Hujurat inakataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na wazee wetu walikuwa na kauli fupi ya kumnyamazisha mwenye kucheka umbo la mwenzake: hujafa hujaumbika. Mafunzo hayo mawili hayajazuia Tipwatipwa na Kimbaumbau kusikika uwanjani, wala kuandikwa katika vitabu vya hadithi tunavyowatungia watoto wetu. Mtunzi atakayemwingiza mtoto mnene katika hadithi yake hana haja ya kujifanya hakuuona unene wake. Ana wajibu wa kumpa jina alilopewa siku ya saba, na kumwachia zamu yake ya kusema.